Steve Hofmeyr: Mitindo Mingi, Ukumbi Uleule

Novemba 2014, katika mahakama ya hakimu ya Randburg, Johannesburg, mwimbaji mashuhuri aliomba alindwe dhidi ya mwanasesere. Si utani. Mwanasesere huyo anaitwa Chester Missing, "mchambuzi wa siasa" ambaye huvaa suti na kuropoka kwenye televisheni kwa mkono na koo la mchekeshaji Conrad Koch. Mwimbaji ni Steve Hofmeyr. Majuma machache kabla, Hofmeyr alikuwa ameandika Twitter kwamba kwa hesabu zake yeye, watu weusi ndio wasanifu wa ubaguzi wa rangi. Koch na mwanasesere wake wakaanza kuwaandama wadhamini wa maonyesho yake, mmoja baada ya mwingine, wakiwauliza kama wameridhika pesa zao zikae upande wa kauli hiyo. Hofmeyr akaenda mahakamani, akapata amri ya muda, na tarehe 27 Novemba hakimu akaitupilia mbali.

Kisa hicho kilizunguka dunia kwa sababu kinachekesha. Mimi kinanivutia kwa upande wa pesa. Kejeli Hofmeyr alikuwa amezizoea miaka mingi. Kilichomkimbiza kwa hakimu ni pale kejeli ilipobisha hodi kwa wanaomlipa. Na nadhani ukitaka kuielewa kazi ya msanii huyu, ambaye yuko jukwaani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ni heri ufuatilie nani alilipa na nani aliketi ukumbini kuliko kuhesabu albamu zake.

Najua swali ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Morogoro analo mdomoni. Kaburu wa nini? Sisi tuliowapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya Mazimbu wajenge shule, tuna haja gani na mwimbaji anayepanda jukwaani na kuimba wimbo wa taifa wa enzi za ubaguzi? Haja ipo, kwa sababu Hofmeyr ni mfano mzuri wa jinsi kipaji kikubwa kinavyoweza kuishi maisha marefu na ya raha bila hata siku moja kupimwa na masikio mageni.

Alizaliwa Pretoria tarehe 29 Agosti 1964, chini ya mwezi mmoja baada ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kufa kwenye ajali ya ndege karibu na Nashville. Ni sadfa tu, ila ina maana yake. Reeves, ambaye kwetu ni sauti ya redio za wazee, kwa Makaburu alikuwa nusu mwenyeji. Alizuru Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaigiza filamu iliyopigwa hukohuko, na akarekodi nyimbo kwa Kiafrikana, lugha ambayo hakuwa akiisema. Watu walioishi na simulizi za magari ya ng'ombe, mashamba yasiyo na mwisho na kanisa la Jumapili hawakuhitaji kufafanuliwa muziki wa kantri. Waliusikia wakadhani ni wao. Kwa hiyo mtoto wa Pretoria wa miaka hiyo alikulia kwenye sauti zilizokwisha kuchanganyika: konsertina ya ngoma za shambani, tenzi za kanisani, na gitaa la Tennessee.

(Nyanda za juu za Kenya nako kantri imeota mizizi, na Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908 na mikokoteni yao, hata Eldoret wenyeji wanaiita Sisibo kwa sababu ya shamba namba 64 la enzi hizo. Sisemi kwamba wao ndio waliotuletea. Redio na santuri zilitosha.)

Hofmeyr hakuanza kama mwanamuziki. Alianza kama uso. Televisheni iliingia Afrika Kusini mwaka 1976 tu, maana serikali ya Makaburu iliiogopa kwa muda mrefu, na yeye ni wa kizazi cha kwanza kilichopata umaarufu kupitia kioo hicho. Akaigiza kwenye tamthilia ya Kiafrikana ya Agter Elke Man, kisha miaka ya 1990 akawa mmoja wa sura za Egoli, tamthilia iliyorushwa na kituo cha televisheni cha M-Net kuanzia 1992 hadi 2010. Kijana mrefu, nywele ndefu, sauti nzito ya chini. Albamu zake za mwanzo zilikuwa na nyimbo za mapenzi za Kiingereza, laini, za mtu anayetamani soko kubwa kuliko la nyumbani.

Hebu tuuangalie mwaka 1989 kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo barabara zilipoachana. Mwaka huo kundi la vijana wa Kikaburu lilizunguka vyuo vikuu na kumbi za nchi hiyo kwa ziara iliyoitwa Voëlvry. Johannes Kerkorrel, ambaye jina lake halisi lilikuwa Ralph Rabie, Koos Kombuis, na James Phillips aliyejiita Bernoldus Niemand, walichukua roki, muziki ambao wachungaji wa Kikaburu waliuona wa shetani, wakauimba kwa Kiafrikana, lugha ambayo serikali iliiona yake. Wakamkejeli Rais P. W. Botha kwa jina. Shirika la utangazaji likazipiga marufuku nyimbo zao. Chuo Kikuu cha Stellenbosch kikawafungia milango. Kwa mara ya kwanza mtoto wa shule ya Kikaburu alisikia kwa lugha ya mama yake kwamba baba zake wanaweza kuwa wamekosea.

Hofmeyr alitimiza miaka 25 mwaka huo. Kijana kama wao, lugha moja, magitaa yaleyale. Hakuwamo. Simlaumu kwa hilo. Si kila kijana analazimika kuwa mwanaharakati, na nyimbo za mapenzi nazo ni kazi halali. Ila inafaa kukumbukwa, maana miaka mingi baadaye angejinadi kama sauti ya Kaburu asiyeogopa kusema. Wakati ambapo kusema kulimfungia mtu milango ya redio na vyuo, waliosema walikuwa wengine.

Kisha ukaja mwaka 1994, na kitu ambacho wachambuzi wa siasa hukipita haraka. Kwa miongo mingi Kiafrikana kilikuwa kimepata nusu ya muda wa hewani wa shirika la umma, sawa kwa sawa na Kiingereza. Demokrasia ilipokuja na lugha rasmi 11, nusu hiyo ikayeyuka. Wengi walitabiri kwamba muziki wa Kiafrikana utakufa. Ulinawiri. Serikali ilipojitoa, soko likaingia, na soko lile lilikuwa na watu wenye magari, wenye mishahara, na wenye hofu ya kupotea. Tamasha la KKNK la Oudtshoorn likaanza mwaka 1995, Aardklop la Potchefstroom mwaka 1998, Innibos la Nelspruit mwaka 2004. Mwaka 1999 ikazaliwa kykNET, chaneli ya Kiafrikana kwenye DStv. Juu ya hayo lilikuwepo jarida la Huisgenoot, ambalo limekuwa likiingia nyumba za Makaburu tangu mwaka 1916.

Mzunguko ukakamilika. Msanii angeweza kurekodi albamu, kuhojiwa jaridani, kuonekana kwenye chaneli, kutumbuiza kwenye matamasha hayo makubwa kila mwaka na kurudi studio, bila hata siku moja kukutana na msikilizaji asiyemfahamu bibi yake. Ndani ya mzunguko huo Hofmeyr akawa mfalme. Kibao cha "Pampoen", yaani boga, kiliwatoa watu vitini kwenye dansi za sokkie, ambako wawili wawili huzunguka ukumbi. Akaimba kuhusu timu ya raga ya Blue Bulls ya Pretoria, na wimbo ukawa wa uwanjani. Akarudia nyimbo za zamani za Kiafrikana ambazo wazazi wa mashabiki wake walizijua kwa moyo. Akapiga roki ya gitaa la umeme, akapiga kantri, akaimba nyimbo za Mmarekani Neil Diamond, akaandika vitabu, akaigiza jukwaani.

Watu humsifu kwa upana huo, na sifa ni yake. Ni wachache wanaoweza kutoka kwenye roki ya kelele hadi wimbo wa gitaa moja usiku huohuo, sauti isikwaruze. Lakini tazama upana huo ulikuwa unaelekea wapi. Msanii wa kawaida hubadili mtindo ili afikie watu wapya: Johnny Clegg alijifunza Kizulu na ngoma zake, akaunda Juluka na Sipho Mchunu, na akalipia kwa kukamatwa na polisi. Hofmeyr alibadili mtindo ili asiwachoshe watu walewale. Alikuwa kama mpishi anayebadilisha mboga kila siku kwa familia moja. Roki kwa ajili ya mwana, kantri kwa ajili ya baba, nyimbo za kale kwa ajili ya nyanya, boga kwa ajili ya harusi. Nyumba nzima imehudumiwa, na hakuna mgeni aliyealikwa.

Nikiulizwa kazi yake nzuri zaidi ni ipi, nitasema ni nyimbo za Kris Kristofferson alizozirekodi. Sauti ya Hofmeyr inazikaa vizuri. Kristofferson mwenyewe hakuwa mwimbaji wa kupaa. Alizungumza nusu, akaimba nusu, na nyimbo zake zinataka mtu aliyechoka kidogo, aliyeshindwa kidogo, asiyejifanya. Hofmeyr anapoziimba huacha lile pambo lake la mwisho wa mistari, ile mitetemo ya koo anayoipenda mno kwenye nyimbo za mapenzi. Anaiacha sentensi iishe pale ilipoishia. Hapo unasikia mwanamuziki aliyekomaa.

Sasa fikiria Kristofferson alikuwa nani. Kapteni wa zamani wa jeshi la Marekani, rubani wa helikopta, msomi wa Oxford aliyekwenda kufagia studio Nashville ili aandike nyimbo. Miaka ya 1980 alisimama hadharani kupinga sera za serikali yake Nicaragua na El Salvador. Aliwaunga mkono vibarua wa mashambani walioongozwa na Cesar Chavez, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1992 umati wa Madison Square Garden ulipomzomea mwimbaji wa Ireland Sinéad O'Connor, yeye ndiye aliyetoka kwenda kumshika bega. Mtu huyu, mashabiki wake wa kantri walipomkasirikia kwa siasa zake, aliendelea kuwaimbia yale wasiyoyapenda. Hofmeyr aliazima nyimbo. Tabia hiyo hakuiazima.

Mgeuko wake wenyewe ulikuja polepole. Mwaka 2006 mwimbaji kijana, Bok van Blerk, alitoa wimbo kumhusu Koos de la Rey, jenerali wa Makaburu katika vita dhidi ya Waingereza, na vijana wakawa wanasimama unapopigwa, mkono kifuani. Mwaka uliofuata wizara ya utamaduni ililazimika kutoa tamko juu yake. Kila aliye kwenye biashara ya muziki wa Kiafrikana aliona jambo moja: kulikuwa na njaa ambayo boga haikuishibisha. Hofmeyr alikuwa na jina kubwa kuliko wote, na akajongea pale.

Mwaka 2011 bendi ya U2 ilikwenda Johannesburg, na mwimbaji wake Bono akaulizwa kuhusu wimbo wa mapambano unaotaja kumpiga risasi Kaburu. Jibu lake halikumpendeza Hofmeyr, naye akachukua tiketi zake za onyesho hilo akazitupa kwenye mto Jukskei. Ni mchezo wa kuigiza uliopangwa vyema, na anayesahau kwamba huyu alianza kama mwigizaji hatamwelewa. Oktoba 2013 aliongoza maandamano ya Red October hadi Union Buildings, makao ya serikali Pretoria, kudai kwamba wazungu wanachinjwa. Kabla ya hapo alikuwa amesambaza madai kwamba wazungu waliouawa na weusi wanatosha kujaza uwanja mkubwa wa soka. Africa Check, shirika linalohakiki madai ya hadharani, likakaa na takwimu za polisi na za vifo, likaonyesha kwamba madai hayo hayana msingi na kwamba wazungu wako kwenye hatari ndogo ya kuuawa kuliko makundi mengine nchini humo. Mauaji ya wakulima yapo, ni ya kikatili, na familia zilizoguswa zina haki ya kusikilizwa. Lakini wengi wanaokufa kwa mkono wa wahalifu Afrika Kusini ni vijana weusi wa vitongojini, na hao hawajaimbiwa kwenye matamasha hayo.

Nyimbo zake za kipindi hicho ni dhaifu. Sisemi hivyo kwa sababu ya msimamo. Kuna nyimbo nzuri za watu wenye misimamo nisiyoipenda. Ni dhaifu kwa ufundi. Kiitikio kinafika mapema, kwa sababu umati unataka kuimba. Mashairi yanataja maadui kwa jumla na mashujaa kwa jumla. Mtu mmoja mwenye jina, jikoni kwake, akiwa na deni na mke aliyenuna, yaani kila kinachoifanya kantri iwe kantri, hayumo.

Mwaka 2019 mlango ukafungwa, na aliyeufunga ni wa kustaajabisha. MultiChoice, kampuni ya DStv, ilimwondoa kwenye majukwaa yake, na wimbo aliouimba na wenzake ukaondolewa katika kuwania Ghoema, tuzo za muziki wa Kiafrikana. Hofmeyr akawataka mashabiki waachane na DStv. Vyombo vingi viliripoti kama ugomvi wa kisiasa kati ya mwimbaji na kampuni ya televisheni. Ukichimba historia ya kampuni hiyo, unaona kitu kikubwa zaidi. MultiChoice ilitoka ndani ya Naspers, iliyoanzishwa mwaka 1915 ili kuwapa Makaburu magazeti yao. Mhariri wa kwanza wa gazeti lake la Die Burger alikuwa D. F. Malan, yuleyule ambaye mwaka 1948 alikuja kuwa waziri mkuu na kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sera ya taifa. M-Net iliyomlea Hofmeyr kwenye Egoli ilitoka nyumba hiyo. Huisgenoot ni la nyumba hiyo. kykNET pia.

Nyumba iliyomjenga ndiyo iliyomtoa nje. Wako wanaosema dhamiri iliamka, na huenda ni kweli kwa baadhi ya waliokuwa ofisini. Mwaka 2015 tawi la magazeti la Naspers liliomba radhi kwa mchango wake katika ubaguzi. Lakini tazama paa za Nairobi, Lusaka na Lagos. Kila dishi pale ni mteja. Kampuni iliyokuwa ya kabila moja ilikuwa sasa inauza ving'amuzi bara zima, na Hofmeyr alikuwa gharama kwenye vitabu vyake. Mtaji wa Makaburu ulitoka kwenye mzunguko ule wa ndani ukaenda kutafuta Afrika, ukamwacha mwimbaji wake ndani. Yeye aliendelea kuulinda ukumbi ambao wenye nyumba walikuwa wameshahama.

Na ukumbi wenyewe haujawahi kuwa wa wazungu peke yao. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 6.9 wanaozungumza Kiafrikana nyumbani. Wazungu walikuwa milioni 2.7. Jamii inayoitwa Coloured ilikuwa milioni 3.4. Baadhi ya maandishi ya mwanzo kabisa ya lugha hiyo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwenye madrasa za Waislamu wa Cape Town. Kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na Waothmani, kilichapishwa mwaka 1877. Hata ghoema, ambayo tuzo zile zimeiazima jina, ni ngoma ya pipa lililowambwa ngozi, ya wazao wa watumwa wa Cape, ambao baadhi yao walitolewa pwani hii yetu ya mashariki na Madagaska. Kundi la Prophets of da City lilikuwa likitema rap kwa Kiafrikana cha Cape Flats, vitongoji vya Cape Town, wakati Hofmeyr bado anaimba Kiingereza. Anaposema analinda lugha, zaidi ya nusu ya wenye lugha hawamo kwenye hesabu yake.

Mwaka huohuo wa 2019 alifariki Piet Botha, mwanaroki wa bendi ya Jack Hammer. Baba yake alikuwa Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa serikali ya ubaguzi kuanzia 1977 hadi mwisho wake, kisha waziri katika baraza la kwanza la Mandela. Kama kuna Kaburu aliyekuwa na sababu ya kuimba kuhusu ukoo na fahari, ni huyu. Aliimba kwa Kiingereza na Kiafrikana, roki ya blues, barabara ndefu na vita vya mpakani mwa Namibia na Angola vilivyowarudisha vijana wa rika lake wakiwa vipande vipande rohoni. Hakuwahi kuuza kama Hofmeyr. Kumbi zake zilikuwa ndogo, baa na vijumba vya mashambani.

Hofmeyr bado anajaza. Televisheni iliyomfungia haikumwua, kwa sababu kufikia hapo hakuihitaji: mashabiki wanamfuata mtandaoni na wanalipa kiingilio wenyewe. Onyesho lake bado ni lile la familia nzima, roki mwanzoni, nyimbo za kale katikati, na kabla watu hawajatawanyika, umati unasimama na kuimba naye kwa sauti. Kristofferson huimbwa mapema, watu wakiwa bado wanatafuta viti.